Earth Engine na utabiri wa uoto: mapitio ya huduma kwa wanaofuatilia nyika na misitu yetu

Kwa mtu anayetaka kujua uoto wa eneo fulani umebadilika vipi kwa miaka ishirini, thelathini au arobaini iliyopita, huduma ya Earth Engine ya kampuni ya Google haina mshindani wa karibu. Kwa mtu anayetaka kujua uoto huohuo utakuwaje miaka kumi ijayo, huduma hii yafaa itumiwe kwa hadhari kubwa, kwa sababu humkabidhi mtumiaji mstari ulionyooka wenye sura ya uhakika kabla hajaulizwa swali hata moja kati ya yale yaliyopaswa kutangulia. Nimeitumia katika kazi ya malisho na misitu ya Kenya na Tanzania, hasa Kajiado, Baringo, Marsabit na Shinyanga, na maoni haya yanahusu matumizi hayo tu: kuchukua mfululizo mrefu wa picha za setilaiti, kuutafutia mwelekeo, kisha kuupeleka mwelekeo huo mbele.

Earth Engine ilitangazwa Desemba 2010, wakati wa mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi uliofanyika Cancún, Mexico. Inatoa vitu viwili kwa pamoja: hazina ya picha za setilaiti zilizokusanywa kwa miongo kadhaa, na kompyuta za kuzichakata picha hizo hukohuko zilikohifadhiwa. Zamani mtafiti wa Nairobi au Morogoro alilazimika kupakua faili mojamoja, kuziunganisha, kuzisafisha mawingu na kuzipanga kwa tarehe, kazi iliyoweza kula miezi kabla ya hesabu yenyewe kuanza. Sasa anaandika maelekezo katika kivinjari, maelekezo yanasafiri hadi kwenye data, na kinachorudi ni jibu peke yake: grafu, jedwali au ramani. Katika nchi ambazo bando ndilo gharama kubwa ya utafiti wa namna hii, mpangilio huo una maana kuliko sifa nyingine yoyote ya huduma. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti ya simu anaweza kuchunguza miaka 25 ya uoto wa kaunti nzima bila kupakua picha hata moja.

Kipimo kinachotumika zaidi katika kazi hii ni fahirisi ya uoto ijulikanayo kwa kifupi chake NDVI, ambayo imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1970. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu kwa ajili ya usanisinuru na kurudisha juu sehemu kubwa ya mionzi ya infraredi iliyo karibu na mwanga unaoonekana. Setilaiti hupima vyote viwili, tofauti yake inagawanywa kwa jumla yake, na namba inayopatikana huwa kati ya -1 na 1. Udongo mtupu huwa na thamani ndogo iliyo juu kidogo ya sifuri, ilhali msitu mnene hukaribia juu kabisa. Fahirisi hii haioni spishi, haioni ladha ya nyasi mdomoni mwa ng'ombe, wala haitofautishi shamba la mahindi na kichaka cha miiba. Inaona ukijani tu. Msomaji alishike hilo, kwa kuwa makosa mengi ya utabiri ninayoyakuta katika ripoti yanaanzia hapo.

Hazina ya data ndiyo nguvu ya kwanza ya huduma. Picha za Landsat, mpango wa Marekani ambao setilaiti yake ya kwanza ilirushwa Julai 1972, zimo, na zile zenye pikseli, yaani kipande kidogo kabisa cha picha, ya mita 30 zinaanzia 1982 kwa Landsat 4 na 1984 kwa Landsat 5. Data za kifaa cha MODIS kilichomo katika setilaiti ya Terra zinaanza Februari 2000, pikseli ya mita 250, muhtasari mmoja kwa kila siku 16, yaani 23 kwa mwaka. Sentinel-2 ya Ulaya, iliyoanza kurushwa Juni 2015, ina pikseli ya mita 10, lakini historia yake bado ni fupi mno kwa kazi ya mwelekeo. Pamoja nazo yamo makadirio ya mvua ya CHIRPS kuanzia 1981, yanayochanganya setilaiti na vituo vya mvua vya ardhini. Kuwa na mvua na uoto katika sehemu moja, kwa tarehe zinazolingana, ni neema ambayo mtu aliyeanza kazi hii baada ya 2015 huenda asiithamini inavyostahili.

Upande wa kuutazama wakati uliopita, sina lawama ya maana. Unachora mpaka wa eneo, unaita mfululizo wa MODIS, na baada ya muda mfupi grafu inajitokeza. Katika Kajiado mtu anaona vilima viwili kila mwaka, kimoja cha masika na kingine cha vuli, na Shinyanga anaona kimoja kirefu kinachoanza mvua za Novemba na kushuka baada ya Aprili. Miaka ya ukame inajitaja yenyewe: 2000, 2005 hadi mwanzo wa 2006, 2009 ambao wafugaji wa Amboseli hawatausahau, 2011, 2017, kisha lile bonde refu la misimu mitano mfululizo ya mvua hafifu kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Hata mtu asiyejua takwimu, akionyeshwa grafu hiyo, anaisoma na kuikubali, kwa sababu inaafikiana na anayoyakumbuka.

Ugumu unaanza pale mtumiaji anapobofya hatua inayofuata na kuomba mwelekeo. Earth Engine inao mstari wa kawaida wa urejeshi, ule unaopita karibu iwezekanavyo na nukta zote, inao mteremko wa Sen unaochukua wastani wa kati wa miteremko ya kila jozi ya miaka, na inacho kipimo cha Mann-Kendall cha kuonyesha kama mwelekeo una mwendo mmoja. Vyote vinaitwa kwa mistari michache ya msimbo na vinarudisha ramani nzuri, kijani kwa kupanda na nyekundu kwa kushuka. Sasa tazama mfululizo wa MODIS unaanzia wapi. Unaanzia mwaka 2000, uliokuwa wa ukame mkali kwa Kenya, kiasi cha umeme kugawiwa kwa zamu kwa sababu mabwawa yalikuwa yamekauka. Mtu akiukatia mfululizo huo mwishoni mwa 2019 au mwanzoni mwa 2020, anaumalizia katika kipindi cha neema: masika ya 2018 yalileta mafuriko, na vuli ya 2019 ikawa na mvua kubwa kupita kiasi kwa sababu upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulikuwa umepata joto kuliko kawaida. Mstari unaotoka kwenye ukame na kuishia kwenye mafuriko hauna budi kupanda. Mteremko wa Sen hustahimili mwaka mmoja wa ajabu, lakini miaka kadhaa ya namna moja ikikusanyika mwishoni, nao huvutwa.

Ukiupeleka mstari huo mbele, unaahidi kwamba nyika za Kajiado na Marsabit zingeendelea kuwa kijani zaidi mwaka hadi mwaka kuanzia 2020. Tunajua kilichofuata. Mifugo ilikufa kwa mamilioni kaskazini na kusini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Kisha vuli ya 2023 na masika ya 2024 zikaja na mafuriko, na mtu aliyechora mstari wake mara baada ya hapo aliumalizia tena kwenye miaka ya mvua, akirudia mtego uleule. Huduma haina onyo lolote kuhusu jambo hili. Inahesabu ilichoambiwa ihesabu, na ramani ya kijani inatoka ikiwa safi, bila alama yoyote ya kumtahadharisha afisa wa kaunti atakayeitumia kupanga idadi ya mifugo.

Jambo la kalenda nalo linahitaji nafasi yake, kwa sababu mifano mingi inayosambazwa imeandikwa na watu wa nchi za kaskazini, ambako majani huchipua na kudondoka ndani ya mwaka uleule wa Januari hadi Desemba. Kwetu sivyo. Msimu wa mvua wa Shinyanga, Tabora au Dodoma unaukata mwaka katikati: nusu ya ukuaji iko Novemba na Desemba, nusu nyingine iko Januari hadi Aprili. Wastani wa mwaka wa kalenda unachanganya mkia wa msimu mmoja na kichwa cha mwingine, na ukame wa msimu mmoja unagawanywa kwa miaka miwili hadi unaonekana mdogo. Dawa yake ni rahisi, kuhesabu mwaka kuanzia Julai hadi Juni, na katika maeneo ya mvua mbili kuhesabu masika na vuli kila kimoja peke yake. Lakini lazima mtumiaji ajue kwamba dawa hiyo inahitajika. Ninapendekeza pia asiingize mihtasari yote 23 ya kila mwaka moja kwa moja katika kipimo cha Mann-Kendall, kwani uoto wa wiki hizi mbili unafanana mno na wa wiki mbili zilizopita, na kipimo kinadhani kina ushahidi mwingi kuliko ulio nao kwa kweli.

Landsat ina historia ndefu zaidi na picha kali zaidi, ila mitego yake ni mingine. Landsat 7 iliharibikiwa na kifaa cha kusahihisha mistari tarehe 31 Mei 2003, na tangu hapo kila picha yake ina mapengo yanayokula takriban asilimia 22 ya eneo. Kwa Afrika Mashariki, picha za Landsat 5 za mwishoni mwa miaka ya 1980 na za miaka ya 1990 ni chache sana, maana enzi hizo picha zilichukuliwa pale penye kituo cha kuzipokea au mteja wa kuzinunua, na hazina haikufunguliwa bure kwa wote hadi 2008. Kuna maeneo ambayo mtu atakuta miaka kadhaa mfululizo bila picha moja isiyo na mawingu. Halafu kuna kiungo cha 2013. Landsat 8 ilipoanza kazi mwaka huo, ilikuja na kipokezi chenye ukanda mwembamba zaidi wa infraredi kuliko watangulizi wake, na NDVI inayotoka humo huwa juu kidogo hata kama ardhi haijabadilika. Mtu akiziunganisha bila kuzisawazisha, anapata kijipandio cha uongo mwaka 2013, na mwelekeo wa miaka arobaini unaonyesha nchi inakuwa kijani kwa sababu tu ya mabadiliko ya kifaa. Milinganyo ya kusawazisha ilichapishwa mwaka 2016 na imo katika mifano mingi inayopatikana bure, lakini huduma yenyewe haiitumii mpaka uiombe.

Baringo ni mahali ambapo ningemtaka kila mtumiaji mpya aanzie, kwa sababu panafundisha mengi kwa muda mfupi. Mathenge, mti wa miiba uliopandwa huko miaka ya 1980 kwa nia ya kuzuia jangwa na kupata kuni, umesambaa tambarare zote zinazozunguka ziwa. Mizizi yake inafika maji ya chini, kwa hiyo unabaki kijani hata kiangazi nyasi zilipokauka. Katika ramani ya mwelekeo, maeneo hayo yanang'aa kijani cha mafanikio. Kwa Wailchamus, jamii ya wafugaji wa huko, waliofikia hatua ya kuishtaki serikali kwa hasara walizopata kutokana na mti huo, kijani hicho ni malisho yaliyopotea, njia zilizozibwa, na mbuzi waliong'oka meno kwa kula maganda yake yenye sukari. Utabiri unaosema uoto wa Baringo utaendelea kuongezeka unaweza ukawa sahihi kwa hesabu na wakati huohuo ukawa habari mbaya kwa mfugaji. Hapohapo, kandokando ya maziwa ya Baringo, Bogoria na Nakuru, mtu atakuta mstari mwekundu mkali. Maji ya maziwa haya yalianza kupanda takriban 2010 na kuzamisha migunga ya ufukweni, na mfululizo wa pikseli hizo unaonyesha mporomoko wa ghafla ambao hakuna mstari ulionyooka unaoweza kuueleza.

Kwa mivunjiko ya namna hiyo, Earth Engine ina silaha nzuri. LandTrendr, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, na CCDC, iliyotokea Chuo Kikuu cha Boston, zimejengwa ndani ya huduma na zinaukata mfululizo vipande vipande, kila kipande na mteremko wake. Ukiziendesha juu ya ufukwe wa Nakuru zinautaja mwaka wa mvunjiko, na ukiziendesha juu ya msitu uliofyekwa zinautaja mwaka wa kufyekwa. Mimi ninaona kwamba hakuna utabiri unaopaswa kufanywa kabla ya hatua hii. Ukishajua kipande cha mwisho kilianza lini, unajua pia ni miaka mingapi tu inayokupa haki ya kusema neno kuhusu kesho, na mara nyingi ni michache kuliko urefu wa mfululizo ulivyokufanya udhani.

Nikija kwenye utabiri wenyewe, ni lazima nieleze wazi kwamba huduma haina chombo maalumu cha kazi hiyo. Unaweza kuunda mlinganyo wa mawimbi ya msimu na kuuongezea mteremko, kisha ukauliza thamani ya tarehe ambayo bado haijafika, na utapewa. Mbinu nzito zaidi, zile za ARIMA (njia ya kitakwimu ya kutabiri mfululizo) au za mitandao ya neva, zinafanywa nje, kwa kusafirisha jedwali na kulifanyia kazi katika lugha za programu kama Python au R. Njia hiyo ya kutoka ni nyepesi na imeelezwa vizuri, kwa hiyo sihesabu upungufu huu kuwa kasoro kubwa.

Ninacholaumu ni mtindo ulioenea wa kuchukua mteremko wa Sen, kuuunganisha na kipeo cha Hurst, na kutoa ramani yenye madaraja kama «itaendelea kuboreka» na «itaendelea kudhoofika». Harold Edwin Hurst alikuwa mtaalamu Mwingereza wa maji aliyefanya kazi Misri kwa miongo mingi akitafuta ukubwa wa bwawa linalofaa mto Nile, na matokeo yake aliyachapisha 1951. Aligundua kwamba miaka ya maji mengi hufuatana na miaka ya maji machache hufuatana, kuliko ambavyo bahati nasibu ingeruhusu. Kipeo chake kikizidi 0.5, mfululizo una tabia ya kuendelea ulivyokuwa. Kikiwa chini ya 0.5, una tabia ya kugeuka. Ni wazo zuri, tena limezaliwa kwenye mto unaotoka katika maziwa yetu. Ila Hurst alikuwa na kumbukumbu za karne nyingi kutoka kipimo cha kina cha Nile kilichoko Roda, Cairo, ilhali mtumiaji wa MODIS ana namba za mwaka zipatazo 25. Kwa namba chache hivyo kipeo kinayumba, na kinaelekea kuonekana kikubwa kuliko kilivyo. Zaidi ya hayo, kipeo kinaeleza tabia ya mfululizo. Hakisemi tabia hiyo itadumu kwa muda gani. Ramani inayosema «itaendelea» bila kusema hadi lini haimsaidii mtu anayepanga.

Utabiri wa muda mfupi ni habari nyingine, na hapo data hizi zinastahili sifa kamili. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame ya Kenya, NDMA, hutumia fahirisi ya hali ya uoto, VCI, inayolinganisha NDVI ya sasa na ya chini kabisa na ya juu kabisa kuwahi kuonekana mahali hapo kipindi hichohicho cha mwaka. Ikishuka chini ya 35 huhesabiwa kuna ukame wa uoto, na chini ya 10 ni ukame uliokithiri. Mwaka 2020 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha njia ya kuitabiri fahirisi hiyo kwa wilaya za wafugaji za Kenya wiki kadhaa mbele, na makisio ya wiki nne yalikuwa ya kutegemewa. Sababu yake inaeleweka: mvua iliyokwisha kunyesha iko tayari ardhini, na uoto utaifuata kwa wiki kadhaa. Bima ya mifugo iliyoanzishwa Marsabit Januari 2010 na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, pamoja na washirika wake, ilijengwa juu ya msingi huohuo wa kupima ukijani kwa setilaiti na kumlipa mfugaji pasipo kuhesabu mizoga. Kwa mtu anayetaka kuandaa makisio ya mwezi mmoja au msimu mmoja, Earth Engine yenye MODIS na CHIRPS pamoja ni chombo ambacho ningemwambia akichukue leo.

Kwa miaka mingi mbele, kizuizi hakiko katika programu. Uoto wa nyika zetu unaongozwa na mvua, na mvua ya masika ya Afrika Mashariki ni mojawapo ya mambo yanayowasumbua wanasayansi wa tabianchi: vipimo vilionyesha ikipungua tangu miaka ya 1980 hadi mwishoni mwa miaka ya 2000, huku mifano mingi ya kompyuta ikisema itaongezeka karne hii. Ambaye hajui mvua itaelekea wapi hawezi kujua nyasi zitaelekea wapi, hata awe na mfululizo mrefu kiasi gani.

Na kuna uamuzi wa watu, ambao hakuna setilaiti inayouona kabla haujafanyika. Shinyanga ndiyo ushahidi wangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mkoa huo uliokuwa umefyekwa kwa ajili ya kupambana na mbung'o na kulima pamba ulielezwa kuwa unageuka jangwa, na mstari wowote wa wakati huo ungeshuka. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliotegemea ngitili, desturi ya Wasukuma ya kuyafunga malisho wakati wa mvua ili yatumike kiangazi. Takwimu zinazonukuliwa na wengi zinasema ngitili zilitoka hekta zipatazo 600 mwaka huo hadi zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtumiaji wa MODIS, anayeanza 2000, hauoni mgeuko huo hata kidogo. Anakuta msitu tayari umerudi na anapima mambo ya baadaye. Wa Landsat anauona kwa tabu, kwa kuunganisha picha chache zilizosalimika za miaka ile. Hakuna kati yao ambaye angeutabiri mwaka 1985.

Kwa hiyo namna ninavyoitumia huduma hii, na ninavyowashauri wengine, ni kuondoa kwanza mchango wa mvua kwa kulinganisha NDVI ya kila msimu na mvua ya CHIRPS ya msimu uleule na miezi iliyoutangulia, kisha kutafuta mwelekeo katika kinachobaki. Kinachobaki kikishuka wakati mvua haijapungua, kuna jambo ardhini: malisho kupita kiasi, ukataji wa mkaa, kilimo kipya. Hilo ni onyo lenye thamani kuliko utabiri wowote wa rangi, na mtu anaweza kulifuatilia kwa miguu. Pili, ni kuficha miaka mitano au sita ya mwisho, kujenga makisio kwa miaka ya mwanzo, na kuona kama yangeibashiri ile iliyofichwa. Makisio yaliyojengwa hadi 2019 yakipimwa kwa 2020 hadi 2022, mwandishi mwenye nia njema atajua apanue kiasi gani wigo wa majibu yake kabla ya kuyapeleka kwa mtoa maamuzi.

Kasoro za uendeshaji zipo ingawa zinavumilika. Hesabu za papo kwa papo zinakatizwa zikizidi dakika tano, na eneo kubwa likichambuliwa kwa pikseli za mita 30 huleta ujumbe wa kuishiwa kumbukumbu usiosema tatizo liko mstari gani. Suluhisho ni kuituma kazi kama usafirishaji wa nyuma ya pazia, ambao unaweza kuchukua saa nyingi. Mtu lazima ajue kuandika msimbo, ama JavaScript au Python. Maelezo yake ni mengi na ni mazuri, lakini karibu yote ni ya Kiingereza, na maafisa wa misitu wa wilaya ambao wangenufaika zaidi ndio wanaoachwa nje.

Kwa wao ningetaja njia mbili. Trends.Earth ya shirika la Conservation International inafanya kazi ndani ya QGIS, programu ya bure ya ramani, inatumia Earth Engine kwa siri nyuma yake, na inamruhusu mtu kupata mwelekeo wa uoto, hata ule uliorekebishwa kwa mvua, kwa kubofya. Inafaa kwa ripoti za uharibifu wa ardhi, ila uhuru wa kubadili msimu wa kuhesabia ni mdogo. Digital Earth Africa, ambayo data zake zimehifadhiwa Cape Town, inatoa Landsat na Sentinel-2 zilizokwisha kuandaliwa kwa bara hili pamoja na mazingira ya Python ya bure, na mifano yake imeandikwa kwa kuzingatia mashamba na misimu ya Afrika. Hazina yake ni ndogo kuliko ya Google, lakini kwa mtu anayeanza Python leo ningempeleka huko kwanza.

Kuhusu gharama, Earth Engine ni bure kwa utafiti, elimu na kazi zisizo za kibiashara, mradi umesajili mradi wako na kueleza matumizi. Tangu 2022 imefunguliwa kwa biashara kwa malipo, na taasisi za serikali zinazotaka kuiendesha kila siku kama sehemu ya kazi zao zisome masharti yake kwa makini kabla ya kuijenga mifumo yao juu yake. Kutegemea kampuni moja ya nje kwa onyo la ukame la nchi ni uamuzi mzito, na nakala ya matokeo na msimbo inapaswa kubaki nyumbani daima.

Anayeanza mfululizo mpya sasa ajue pia kwamba Terra, iliyorushwa Desemba 1999, inaelekea mwisho wa kazi yake, na haivuki tena juu yetu saa ileile iliyokuwa ikivuka, jambo linalobadilisha pembe ya jua na hivyo namba zenyewe. Mrithi wake ni kifaa cha VIIRS, ambacho kimekuwa angani tangu Oktoba 2011 na ambacho data zake za uoto zimo katika hazina hiyohiyo. Miaka ambayo vifaa hivi viwili vimefanya kazi sambamba inatosha kuvisawazisha, eneo kwa eneo na msimu kwa msimu, na kazi hiyo ifanywe sasa, MODIS ingali inatuma.